Pikipiki za Mashindano na Pikipiki Zetu

Leo twataka kuzungumza habari za watu ambao kazi yao ni kushindana kwa pikipiki, na habari za vyombo wanavyovipanda. Pengine mzee mmoja pale Nyamisati, akingoja mashua ya kumpeleka visiwani, atauliza, "Habari hizo zatuhusu nini sisi watu wa mikoko?" Zatuhusu, baba. Ni kweli kwamba ndani ya delta ya Rufiji njia ni maji, na pikipiki ikitaka kuvuka hupakiwa mashuani na kulazwa kama mgonjwa. Lakini ukishapanda nchi kavu, ukafika Kibiti, au Bungu, au Ikwiriri, wachache ni vijana wasioitamani kazi ya bodaboda, na korosho za baba wengi zimeuzwa ili chombo hicho kinunuliwe. Tena sisi wenyewe tuna deni katika jambo hili, nalo tutalieleza mbele kidogo.

Tuanze na asili yake. Mwaka 1885, huko Ujerumani, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walitengeneza chombo cha mbao chenye magurudumu ya mbao yaliyovikwa chuma, wakakitia mtambo mdogo wenye nguvu ya nusu farasi tu. Mwendo wake haukumshinda kijana hodari wa kukimbia, na yasemekana kwamba katika safari ya kwanza kiti kilishika moto chini ya mpandaji. Hicho ndicho babu wa pikipiki zote. Hazikupita hata miaka ishirini na mitano, watu wakawa wanashindana nazo. Uingereza yenyewe sheria haikuruhusu mashindano katika barabara za watu wote, kwa hiyo waliotaka kushindana walivuka bahari wakaenda Isle of Man, kisiwa chenye baraza lake lenyewe la kutunga sheria, wakapewa ruhusa ya kufunga barabara. Mwaka 1907 Charlie Collier alishinda huko juu ya pikipiki ya Matchless, kwa mwendo wa wastani wa maili 38 kwa saa, yaani kama kilomita 61. Msicheke. Bodaboda wa Kibiti mwenye abiria mmoja na mfuko wa mchele huufikia mwendo huo bila kusifiwa na mtu.

Tangu mwaka 1911 mashindano ya kisiwa kile yamepita katika njia ya mlimani yenye urefu wa kilomita 60 na kitu, katikati ya kuta za mawe, nguzo na nyumba za watu. Njia hiyo imekwisha kuua wapandaji zaidi ya 260. Ndiyo maana tangu mwaka 1914 mshindani hakuruhusiwa kuingia bila kofia ngumu. Sheria ile iliwekwa na wenyewe wanaoupenda mchezo, wala si na askari wa barabarani.

Mashindano ya ubingwa wa dunia yalianza mwaka 1949, na bingwa wa kwanza wa daraja kubwa alikuwa Leslie Graham, juu ya pikipiki ya AJS. Tangu wakati huo chombo kimegeuka mno. Wanafunzi, chukueni kalamu. Boxer ya cc 150 ina nguvu za farasi kama 12. Pikipiki ya daraja la juu la mashindano, mwaka 2023, ilikuwa na mtambo wa cc 1000 wenye nguvu za farasi zaidi ya 250, na uzito wake haukutakiwa kupungua kilo 157. Basi nguvu imezidi mara ishirini, na uzito haukuongezeka hata kwa nusu. Mwaka huo, katika njia ya Mugello nchini Italia, Brad Binder wa Afrika Kusini alipimwa akienda kilomita 366 kwa saa juu ya pikipiki ya KTM. Ninyi mnalijua Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003 juu ya mto wetu, lenye urefu wa meta 970. Kwa mwendo ule, Binder angetoka ng'ambo hii hadi ng'ambo ile kabla hamjamaliza kuhesabu hadi kumi.

Hapo ndipo wasimuliaji wengi huishia, nasi tuliishia hapo zamani. Lakini ukimwuliza mtu wa kazi hiyo mashindano hushindwa wapi, hatakuonyesha mahali pa kwenda mbio. Mahali palipo sawa kila mtu huweza kufungulia moto. Atakuonyesha mwisho wa mahali hapo, kabla ya kona, ambapo chombo kilichokuwa kikienda zaidi ya kilomita 300 kwa saa hupunguzwa kikawa chini ya 100 kwa muda wa sekunde tano hivi. Asiyejua kusimamisha hawezi kushinda, kwa kuwa hathubutu kwenda. Breki zao za mbele ni visahani vya kaboni, na zina tabia ngeni: zikiwa baridi hazishiki. Sharti zipate moto mwingi kwanza. Breki ya Boxer nyingi za kwetu imefungiwa ndani ya kitovu cha gurudumu, yavutwa kwa waya, na waya huo huachwa mpaka siku ukatike.

Na matairi? Hapa twaomba mtege masikio vizuri. Tairi la mashindano halina meno hata kidogo. Ni kipara tangu siku lilipotoka kiwandani. Mpira wake ni laini, nao huvikwa blanketi la umeme mpaka upate joto, ndipo hunata juu ya lami. Na kwa kuwa halina mifereji, mpira mwingi zaidi hugusa barabara. Ndiyo sababu mpandaji aweza kulala katika kona mpaka kiwiko chake kikakwaruza chini. Lakini tairi hilo huliwa upesi, huisha kwa mashindano ya siku moja, mwendo ulio karibu na ule wa kutoka Kibiti hadi Dar es Salaam. Halafu hutupwa. Tena hufaa kwenye ukavu tu. Mvua ikinyesha, maji hayana pa kutokea, hukaa kati ya mpira na lami, na chombo huteleza kama mtumbwi juu ya tope. Kwa hiyo kila mshindani huwekewa pikipiki ya pili, yenye matairi ya mifereji mirefu, na mafundi wake wamesimama tayari. Mvua ikizidi, huingia, huruka juu ya ile ya pili, hutoka.

Basi tarehe 15 Agosti 2021, huko Spielberg nchini Austria, mvua ilianza kunyesha mashindano yakielekea mwisho. Ilipobaki mizunguko mitatu, wakubwa waliokuwa mbele pamoja na Binder waliingia kubadili pikipiki. Binder hakuingia. Aliendelea na matairi yake ya kipara juu ya lami iliyolowa, akayumba, akapita nje ya mpaka wa njia, akaongezewa adhabu ya sekunde 3, na bado akashinda.

Mwaka ule tulikuwa tukifundisha katika shule moja ya upande wa Kibiti, kabla ya kuitwa katika chuo cha ualimu tulipo sasa. Habari ile ilitufurahisha kupita kiasi. Kijana wa Afrika, mzaliwa wa Potchefstroom, ambaye mwaka mmoja kabla, huko Brno, alikuwa mtu wa kwanza wa nchi yake kushinda katika daraja hilo, sasa amewashinda Wazungu katika mvua! Tuliisimulia darasani kwa mikono na miguu. Watoto walipiga makofi. Nje ya dirisha walisimama vijana wawili watatu wa bodaboda, wanafunzi wetu wa zamani, nao wakasikia yote. Hatukuwaambia kwamba ile ilikuwa mizunguko mitatu tu, kama kilomita 13, tena katika njia iliyofungwa, wote wakielekea upande mmoja, na daktari akingoja. Hatukuwaambia kwamba wenzake walioingia hawakuwa waoga, bali walifanya lililo sawa kwa desturi ya kazi yao, na kwamba yeye alicheza kamari ikampa. Tulitaka hadithi iwe tamu.

Masika iliyofuata, mmoja wa vijana wale alikuwa akigombea abiria na mwenziwe. Basi la kutoka Dar es Salaam lilikuwa limeshusha watu, jua limetua, mvua inanyunyiza. Tairi lake la nyuma lilikuwa kipara. Wenzake walimwonya, naye, kama tulivyokuja kusikia, akawajibu kwa jina la Binder. Akaondoka na mshikaki, abiria wawili nyuma yake, akaifuata barabara kubwa kuelekea Bungu. Lori lililokuwa mbele likapunguza mwendo lipinde. Akashika breki. Abiria wote wawili waliamka na michubuko. Yeye alikatwa mguu wa kushoto chini ya goti.

Tulikwenda kumtazama. Mama yake alitukaribisha kwa heshima, "Karibu mwalimu," akatupa kiti kilichokuwa kimoja, akasimama yeye. Hatukupata la kusema. Kijana ndiye aliyesema, akatueleza habari ambayo hatukuwa tukiijua: pikipiki haikuwa yake. Alikuwa katika mkataba, na kila jioni sharti ampelekee tajiri hesabu, apate abiria asipate. Tairi jipya lilikuwa hesabu ya siku kadhaa. Tangu siku hiyo hatupendi kusikia watu wakisema kwamba vijana hawa wana wazimu wa mbio. Wengine wanao, hatukatai. Lakini mtu anayekimbizwa na hesabu si sawa na mtu anayekimbilia kikombe, na anayetaka kuwalaumu na aanze kuuliza chombo ni cha nani.

Baada ya hapo tulisoma zaidi habari za watu hawa wa mashindano, safari hii tukitafuta yale tuliyoyaacha. Tukamkuta Gary Hocking, aliyezaliwa Wales akalelewa Bulawayo, bingwa wa dunia wa madaraja mawili mwaka 1961 juu ya pikipiki za MV Agusta. Mwaka 1962, katika Isle of Man, rafiki yake Tom Phillis, Mwaustralia, alikufa mashindanoni. Siku chache baadaye Hocking alishindana katika njia ile ile akashinda, kisha akatangaza kwamba ameacha pikipiki. Alikuwa na umri wa miaka 24, hakuna aliyemzidi wakati ule. Akarudi Afrika, akajaribu magari, na Desemba ya mwaka huo huo gari lilimwua karibu na Durban. Hatujui habari nyingine ya mchezo huu inayotusikitisha kama hii.

Tukamkuta pia Ross Branch wa Botswana, aliyekuwa rubani wa ndege. Yeye hashindani katika njia ya lami, hupita mchangani, katika mashindano ya Dakar ambayo tangu mwaka 2020 hufanyika Saudi Arabia. Huko mtu husafiri kama wiki mbili kwa maelezo ya njia mbele ya macho yake, kila siku asubuhi hadi jioni, na mwenye papara hupotea. Mwaka 2024 Branch alikuwa wa pili, na mwaka huo huo akawa bingwa wa dunia wa mashindano ya namna hiyo. Pikipiki yake ilikuwa ya kampuni ya Hero ya India, nchi ile ile zinakotoka Boxer na TVS zinazobeba watu wetu. Hapa karibu, Uganda na Kenya wanayo mashindano ya pikipiki za matuta, katika viwanja vilivyozungushiwa ua, nao watoto wadogo huanza huko wakiwa na kofia, kinga za kifua na mabuti mpaka magotini.

Habari hizi tumezisimulia darasani pia, mbele ya walimu vijana tunaowafundisha sasa. Mmoja alituuliza kama si afadhali kunyamaza kabisa, watoto wasisikie mambo ya mbio. Hatukukubaliana naye. Watayasikia tu, simu zipo. Lakini siku hizi kwanza twachora tairi ubaoni, pande mbili, lenye meno na lisilo na meno, twamwaga maji mezani, ndipo twafika kwa Binder.

Na yule kijana yuko. Amewekewa mguu wa bandia, na chini ya mwembe karibu na kituo cha mabasi hutengeneza pikipiki za wenzake. Tulipita mwezi uliopita tukamkuta na Boxer iliyoletwa kwa ajili ya taa. Alikuwa ameifungua gurudumu la nyuma, anaangalia breki. Mwenye pikipiki alikuwa akilalamika kwamba hakuja kwa breki, ana abiria anamngoja, na saa za hesabu zinakwenda. Fundi hakuinua kichwa. Alimwambia akae, taa itafuata. Kisha akatuuliza sisi kama tumesikia Binder amekuwa wa ngapi Jumapili.