Ni nani aliyewaua Romeo na Juliet?

Katika Dominika hii ya Familia Takatifu Mtume Paulo anawaonya akina baba wa Kolosai wasiwachokoze watoto wao, wasije wakakata tamaa. Onyo hilo latukumbusha swali ambalo vijana wetu wa sekondari, Korogwe na Handeni, hawachoki kulibishania: katika tanzia aliyoiandika Shakespeare yapata mwaka 1595, damu ya Romeo na Juliet iko juu ya nani?

Wengi huulaumu uhasama wa koo zao mbili. Ni kweli, lakini mtazameni baba, Mzee Capulet. Hakuanza vibaya. Paris alipoleta posa, alijibiwa kwamba binti hajatimiza miaka 14, na kwamba ridhaa yake mwenyewe ndiyo yenye uzito. Maneno ya busara! Siku mbili hazijapita sawasawa, baba yuleyule akapanga arusi bila kumwuliza, na binti alipolia akamtishia kumfukuza akafie barabarani.

Jambo hilo si geni kwetu. Huku Handeni, ambako kwa desturi ya Wazigua neno la mjomba ni zito, wazee huweza kukaa mkekani na mshenga, mahari ikakubaliwa, na anayeposwa yuko kisimani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba kifungu hicho chapingana na Katiba, nayo Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019. Sheria ya Kanisa nayo yafundisha kwamba ridhaa ya wanaooana haiwezi kutolewa na mwanadamu mwingine yeyote. Hata baba, hata mjomba.

Lakini sisi mapadre tusijifiche nyuma ya Capulet. Katika mchezo ule yumo mwenzetu, Laurence, Mfransisko, aliyewafungisha ndoa kwa siri akitumaini kuzipatanisha koo zile. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo, Mtaguso wa Trento ulikwisha kuagiza mwaka 1563 kwamba ndoa itangazwe mara tatu, ifungwe mbele ya paroko na mashahidi. Na matangazo yale yanayowachosha baadhi yenu baada ya Komunyo yana asili yake huko. Siri ya kwanza ikazaa ya pili: dawa ya usingizi, kisha barua, na mpeleka barua akafungiwa ndani kwa hofu ya tauni. Watu huilaumu tauni. Lakini ndoa ile ingalijulikana, barua isingalihitajika. Tena Juliet alipoamka kaburini, mumewe amekufa kando yake, Laurence alisikia walinzi wanakuja, akakimbia, akamwacha peke yake. Hapo, wapendwa, hatuna neno la kumtetea.

Kwetu sisi hatia ya baba ni kubwa zaidi, maana ndiye aliyeufunga mlango. Ila binti aliyefungiwa mlango nyumbani hukimbilia kwa padre, kwa katekista, kwa mwalimu, kwa shangazi. Anayempokea asimwongezee siri. Aende naye mbele ya wazee, hata wakikasirika. Laurence naye alisema yote waziwazi, mbele ya Mtawala wa Verona, maiti zikiwa zimelala miguuni pake.

Tuwaombee leo mabinti ambao posa zao zinajadiliwa nao hawajaulizwa, na wale watakaobisha hodi katika nyumba zetu za mapadre juma hili. Tumsifu Yesu Kristo.