Gunia Halishiki Penye Mafuta
(Mazungumzo na vikundi vya wavuvi, Kilindini)

Mmetuuliza: kitambaa cha faiba ni ghali, je, twaweza kuvisha mashua kwa gunia au kitambaa cha katani? Yawezekana. Lakini sisi wenyewe tulikosea mara ya kwanza, na leo hatutawaficha kitu.

Nyuzi za mimea si jambo geni hapa pwani. Mitepe ya wazee wetu haikuwa na misumari; mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Mpaka leo fundi hutia kalafati ya pamba. Kwa hiyo tulishauri kikundi kimoja kivishe mashua yao ya zamani kwa gunia na resini. Haukupita muda, gunia likabanduka kama ganda la ndizi, na michango ya kikundi ikaenda na maji. Fundi mzee alipoitwa akatuuliza, "Mbao hizi si zimepakwa sifa miaka yote?" Kumbe resini haishiki penye mafuta! Hatukumwuliza mapema. Kosa ni letu.

Tuliyojifunza ni haya:

1. Mbao ziwe mpya na kavu, zisizopakwa mafuta.

2. Gunia lifuliwe, kisha likauke kabisa juani. Nyuzi za mimea hunywa maji. Unyevu ukibaki ndani, resini haishiki vyema na nyuzi huoza.

3. Gunia hunywa resini nyingi, na nguvu yake ni ndogo kuliko faiba. Pigeni hesabu kwanza, rahisi isije ikawa ghali.

4. Kingo zote zifunikwe kwa resini. Ufa ukitokea, zibeni mara moja kabla maji hayajaingia.

5. Dawa ya kukazia resini huunguza macho. Vaeni miwani na glavu, fanyeni kazi penye hewa, mbali na moto.

Kabla ya kununua chochote, visheni kipande cha ubao, mkiache baharini wiki kadhaa. Gunia likibanduka kwa mkono, acheni. Mlango wa Kilindini, zinapopita meli kubwa, si mahali pa kujaribia chombo.

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Kalafati ya pamba isitupwe, na mzee fundi aitwe kikaoni siku ya kwanza. Pesa ni za kikundi, lakini anayekwenda baharini ni mtoto wa mtu.