Mgonjwa wa Akili Asihukumiwe kwa Siku Yake ya Kwanza



Barabara itokayo Kigoma mjini hugawanyika Kidahwe. Moja hushika njia ya Kasulu, nyingine huelekea Uvinza. Uko ugonjwa ambao nao una njia panda, lakini jamii imezoea kuuona kuwa una njia moja tu, nayo ni ya kuteremka. Ni ule ambao mitaani huitwa wazimu au kichaa. Mtu akishaugua mara moja hupewa jina hilo kana kwamba ni jina la ukoo, akaendelea nalo hata kama alipona miaka 20 iliyopita. Mazungumzo haya yana shabaha moja: kuonyesha kwamba mwisho wa ugonjwa huo hauandikwi siku unapoanza, na kwamba sehemu kubwa ya mwisho huo imo mikononi mwa watu wanaomzunguka mgonjwa, walimu na watumishi wakiwamo.

Kwanza yafaa kueleza ugonjwa wenyewe. Mgonjwa hupoteza, kwa muda mfupi au mrefu, uwezo wa kupambanua yaliyo kweli na yasiyo kweli. Husikia sauti ambazo hakuna mwingine azisikiaye. Huamini bila kuyumba kwamba watu wanamfuata au wanamwekea sumu. Maneno yake hukosa mpangilio, naye hujitenga na kuacha kujitunza. Aina ya ugonjwa huu ijulikanayo zaidi kwa matabibu ni skizofrenia, ambayo Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kuwa humpata takriban mtu 1 katika kila watu 300. Mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya ishirini, na kwa wanaume huwahi zaidi kuliko kwa wanawake. Ndiyo kusema kwamba hubisha hodi katika umri wa sekondari, wa chuo na wa ajira ya kwanza. Kwa sababu hiyo, mara nyingi watu wa kwanza kuona mabadiliko, mbali na jamaa wa mgonjwa, ni mwalimu wake au mkuu wake wa kazi.

Hapa pana tahadhari. Si kila awewesekaye ana skizofrenia. Katika mkoa wenye malaria kama Kigoma, mtu aanzaye ghafula kuweweseka huku ana homa hana budi kupimwa malaria upesi. Pombe, madawa ya kulevya, kifafa na maambukizo ya ubongo nayo huleta hali zinazofanana na hiyo. Wako pia watu ambao akili zao huvurugika kwa wiki chache, kisha wakapona wasiugue tena. Kumwita mtu wa namna hiyo kichaa maisha yake yote ni dhuluma tupu.

Fikira kwamba ugonjwa huu hauna ila kuteremka haikuzaliwa mitaani peke yake. Hata wataalamu waliwahi kuishika. Katika miaka ya 1890 daktari wa Kijerumani, Emil Kraepelin, aliukusanya ugonjwa huu chini ya jina moja na kufundisha kwamba kwa kawaida huishia katika kuharibika kwa akili. Neno lake lilitawala hospitali za dunia kwa miaka mingi. Lakini ikumbukwe kwamba daktari wa hospitali huwaona zaidi wale waliobaki hospitalini. Aliyepona na kurudi shambani hana sababu ya kurejea kumwonyesha daktari kwamba amepona.

Ilihitaji watu wenye subira, waliokubali kuwafuatilia wagonjwa kwa miaka mingi, ndipo ukweli ukajulikana. Huko Zurich, Uswisi, Manfred Bleuler aliwafuatilia wagonjwa 208 kwa zaidi ya miaka 20, akatoa matokeo yake mwaka 1972. Aliona kwamba baada ya takriban miaka mitano ya mwanzo hali za wengi hazikuzidi kuharibika, na kwamba wengine walipata nafuu hata baada ya muda mrefu sana. Katika jimbo la Vermont, Marekani, Courtenay Harding na wenzake walitangaza mwaka 1987 habari za wagonjwa 269 waliokuwa wamelala miaka mingi katika wodi za watu waliokatiwa tamaa, kisha wakaruhusiwa katikati ya miaka ya 1950. Baada ya wastani wa miaka 32, kati ya nusu na theluthi mbili yao walikuwa wamepata nafuu kubwa au wamepona.

Mwaka 1995 wagonjwa hao wa Vermont walilinganishwa na wagonjwa wenzao wa jimbo la Maine. Wale wa Vermont walionekana kuwa na hali bora, na wengi zaidi miongoni mwao walikuwa wakifanya kazi. Ugonjwa ulikuwa ule ule na nchi ile ile. Tofauti moja kubwa ilikuwa kwamba Vermont ilikuwa na mpango wa kuwarudisha wagonjwa katika makazi, kazi na jamii.

Afrika nayo ina ushahidi wake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Shirika la Afya Duniani lilianzisha uchunguzi katika nchi tisa. Wagonjwa wa Ibadan nchini Nigeria, wa Agra nchini India, na wa Cali nchini Kolombia walipofuatiliwa, kwa jumla walionekana kuendelea vizuri kuliko wale wa nchi zenye viwanda na utajiri mwingi. Wataalamu wameligombania jambo hilo kwa miaka mingi, lakini sababu zinazotajwa mara kwa mara ni familia isiyomtupa mgonjwa, na kazi ambazo mtu aweza kuzirudia pole pole. Hata kabla ya hapo, mwaka 1954, Dakta Thomas Adeoye Lambo alikuwa ameanza kuwatibu wagonjwa huko Aro, Nigeria, wakiwa wanaishi na jamaa zao katika vijiji vilivyo jirani na hospitali.

Mtu wa mwambao wa Tanganyika hataona ugumu kuelewa jambo hili. Kazi ya dagaa ina vipindi vyake: wavuvi huingia ziwani usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kali hupumzika. Pale Kibirizi mtu aliyetoka kuugua aweza kuanza kwa kugeuza dagaa juani kwa saa moja, kesho saa mbili, na hakuna amwulizaye cheti. Katika mashamba ya michikichi ni vivyo hivyo. Kazi ya namna hiyo humrudishia mtu heshima yake kabla hajapata nguvu zake zote.

Nyumbani nako kuna sehemu yake. Uchunguzi uliofanywa London na George Brown na wenzake, na kutangazwa mwaka 1972, ulionyesha kwamba mgonjwa arudiye katika nyumba ya lawama na uhasama huugua tena upesi zaidi kuliko yule apokewaye kwa utulivu. Zanzibar, katika miaka ya 1990, mtafiti Juli McGruder alikaa karibu na familia za wagonjwa, akaona baadhi yao wakiupokea ugonjwa kama mtihani utokao kwa Mungu, wakimwacha mgonjwa augue na apate nafuu bila kumsimanga kila siku. Subira hiyo ni dawa, ingawa haiuzwi dukani.

Hata hivyo, itakuwa ni kujidanganya kusema kwamba undugu peke yake watosha. Katika wilaya ya Butajira, kusini mwa Addis Ababa, watafiti wa Ethiopia waliwatafuta wagonjwa nyumba kwa nyumba tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Wengi wao hawakuwa wamepata matibabu ya hospitali, ingawa waliishi vijijini katikati ya jamaa zao. Walipofuatiliwa, wengi walikuwa na dalili kwa muda mrefu, na vifo vyao vilikuwa vingi kuliko vya majirani zao. Duniani kote watu wenye magonjwa makali ya akili hufa mapema kwa miaka 10 hadi 20 kuliko watu wengine, na wengi huuawa na maradhi ya kawaida ambayo hakuna aliyejali kuyapima. Familia ipendayo lakini isiyo na dawa huweza kuishia kumfunga mgonjwa kamba nyuma ya nyumba, nayo inalia.

Dawa zipo. Tangu klopromazini ilipoanza kutumika mwaka 1952, sauti na hofu za wagonjwa wengi zimeweza kutulizwa, na ziko sindano ambazo hutolewa mara moja kwa mwezi. Taabu ni kwamba mgonjwa akishapata nafuu huiona dawa kuwa haina kazi tena, akaiacha. Na wengi waachao mapema huugua upya. Kwa aliyeugua mara ya kwanza, Shirika la Afya Duniani hushauri dawa ziendelee kwa miezi mingi baada ya dalili kwisha, na kuziacha kuwe kwa shauri la mganga.

Tanzania haikuanza jana katika kazi hii. Huko Lutindi, Korogwe, wagonjwa wa akili wamekuwa wakitunzwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na Hospitali ya Mirembe, Dodoma, ni ya miaka ya 1920. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 vilianzishwa vijiji vya kilimo, kama Hombolo, ambako mgonjwa alilima huku akitibiwa. Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro ilijaribu mpango wa kuwafunza watumishi wa zahanati kuwatibu wagonjwa hawa karibu na kwao. Fikira ilikuwa sahihi. Kutoka Kigoma hadi Dodoma ni takriban kilomita 800 kwa reli, na dawa ya kila mwezi haiwezi kufuatwa umbali huo.

Basi kazi ya mwalimu na ya mtumishi ni ipi?

Mwaka 2001 yalitangazwa matokeo ya wagonjwa wa nchi mbalimbali waliofuatiliwa kwa miaka 15 na 25. Takriban nusu yao walikuwa katika hali njema, na kilichotabiri zaidi hali ya baadaye ni jinsi miaka miwili ya kwanza ilivyokwenda. Miaka hiyo miwili ndiyo ambayo kwa kawaida hupotea kwa kuona aibu na kufichana. Mwanafunzi aliyekuwa hodari akianza kujitenga, akicheka peke yake, au akisema kwamba redio inamtaja jina, hiyo si utovu wa nidhamu. Fimbo haitamfaa. Wazazi waitwe kwa upole, na kijana afikishwe kituo cha afya au hospitali ya mkoa ya Maweni. Familia ikitaka pia kumwona mganga wa kienyeji au kuombewa, isigombezwe. Iombwe tu isiikatize dawa. Na kijana akirejea shuleni, akute jina lake bado limo katika daftari la mahudhurio.

Mkuu wa ofisi naye ana wajibu wake. Mtumishi mwenye sifa njema akiacha kufika kazini bila maelezo, iulizwe habari ya afya yake kabla ya kuandikwa hati ya mashtaka ya utoro. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya ulemavu, na Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeweka utaratibu wa matunzo. Lakini sheria haimpangii mtu kazi nyepesi kwa miezi mitatu ya kwanza, wala haimruhusu kwenda kuchoma sindano yake siku ya kliniki. Hayo huamuliwa na mkuu wa ofisi akiwa mezani pake. Na wale wanaoagiza dawa za zahanati waelewe kwamba mwezi mmoja wa rafu tupu waweza kubomoa kazi ya miaka mitatu.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Wako watakaotibiwa mapema, wakapendwa na kupewa kazi, na bado wasipone kabisa. Hao nao wana haki ya chakula, usafi, matibabu na heshima. Wengine watapona mapema, wengine baada ya miaka 15, na hakuna awezaye kuwatambua siku ya kwanza. Kwa hiyo asiwepo hata mmoja wa kufungiwa mlango siku hiyo, iwe ni mlango wa darasa, wa ofisi au wa zahanati.