SHAHIDI WA KIFAFA NI YULE ALIYE KARIBU



Usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, taa za wavuvi wa dagaa huwaka juu ya Ziwa Victoria, kuanzia Igombe hadi visiwa vya Ukerewe. Mvuvi akianguka kifafa ndani ya mtumbwi saa hizo, maji hayamsubiri arudiwe na fahamu. Nchi kavu nako, mama akianguka jikoni, moto wa mafiga haumsubiri. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo ambao mara nyingi unaweza kudhibitiwa kwa dawa. Lakini katika nchi za maziwa na mito, na katika nyumba zinazopikia kuni chini, ugonjwa huo unaendelea kuua na kulemaza watu kwa maji na kwa moto.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, na kwamba karibu wanne katika kila watano kati yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Shirika hilo hilo linasema kwamba hadi asilimia 70 ya wagonjwa wangeweza kuishi bila kuanguka, kama ugonjwa wao ungetambuliwa vizuri na kutibiwa ipasavyo. Hapa Tanzania, utafiti uliofanywa vijijini katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ulionyesha kwamba karibu theluthi mbili ya watu wazima wenye kifafa hawakuwa katika matibabu. Hao si watu waliokosa tiba kwa sababu haijavumbuliwa. Fenobabitoni, dawa ya bei nafuu inayotumika mpaka leo, imekuwa ikitibu kifafa tangu mwaka 1912.

Basi tatizo liko wapi? Sehemu yake ni upungufu wa dawa na wa wataalamu. Sehemu nyingine ni imani potofu kwamba kifafa ni laana, au kwamba povu la mgonjwa linaambukiza. Lakini iko sehemu ya tatu, ambayo haizungumzwi sana, nayo ni ushahidi. Daktari karibu hamwoni kamwe mgonjwa wa kifafa akianguka. Mgonjwa huanguka nyumbani, shambani, shuleni au mwaloni. Halafu huja hospitali akiwa amesimama wima, mzima kama watu wengine. Yeye mwenyewe mara nyingi hakumbuki lililompata. Ndugu zake waliokuwapo walishikwa na hofu, na wakiulizwa hujibu kwamba alianguka akatetemeka kwa muda mrefu. Muda mrefu ni dakika ngapi? Alianza kutetemeka mkono upi? Macho yalikuwa wazi au yamefumba? Hakuna ajuaye. Hata kipimo cha umeme wa ubongo, ambacho Hans Berger wa Ujerumani alikitangaza mwaka 1929, huweza kuonyesha hali ya kawaida kabisa kwa mtu mwenye kifafa, iwapo amepimwa wakati ambao haanguki.

Umuhimu wa ushahidi huo unaonekana katika historia ya Tanzania yenyewe. Miaka ya 1960, huko Mahenge, daktari kutoka Norway aitwaye Louise Jilek-Aall aliendesha kliniki ya wagonjwa wa kifafa miongoni mwa Wapogoro. Aliwakuta watu waliotengwa, wenye makovu ya moto. Pamoja na kuwapa dawa, aliandika kwa makini alichokiona na alichosimuliwa. Katika maandishi yake waliomo watoto ambao vichwa vyao vilikuwa vikiinama na kuinuka mara kwa mara, kama mtu anayesinzia. Miongo kadhaa baadaye, madaktari walipokutana na watoto wa namna hiyo Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, maandishi ya Mahenge yakawa ushahidi kwamba ugonjwa huo haukuwa mpya. Daktari huyo hakuwa na mitambo mikubwa. Alikuwa na macho, subira na kalamu.

Leo kalamu hiyo imo mifukoni mwa watu wengi. Simu janja ina saa, kalenda, kinasa sauti na kamera. Utafiti ulioongozwa na William Tatum nchini Marekani, na kuchapishwa mwaka 2020, uliwaonyesha madaktari bingwa picha za video zilizopigwa kwa simu na watu wa karibu wa wagonjwa. Kwa kutazama video hizo tu, mabingwa waliweza kukitambua kifafa kwa usahihi wa karibu mara tisa katika kila kumi. Huko Nepal na India, daktari Victor Patterson na wenzake walijaribu programu ya simu inayomwongoza mhudumu wa afya asiye bingwa kwa maswali machache, ili aweze kukadiria kama anguko lililosimuliwa ni la kifafa au la. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2015. Ujuzi uliokuwa umefungiwa katika hospitali kubwa ulianza kufika vijijini.

Ni mambo gani hasa yanayostahili kuwekwa katika simu? Kwanza, tarehe na saa ya kuanguka, na dakika zilizopita mpaka mgonjwa alipotulia. Pili, namna anguko lilivyoanza: upande gani wa mwili, kichwa kiligeukia wapi, macho yalikuwaje. Tatu, hali ya baadaye: alilala, alichanganyikiwa, au mkono mmoja ulilegea. Nne, yaliyotangulia: kukesha, homa, pombe, na hasa dozi zilizorukwa. Jambo hili la nne lina uzito wa pekee, kwani kuacha dawa ghafla kunaweza kuleta maanguko makali kuliko yale ya mwanzo. Mvuvi anayekesha ziwani na kulala mchana anaweza kugundua, kwa kutazama kumbukumbu za miezi mitatu, kwamba maanguko yake yanafuata majuma ya kukesha. Ugunduzi wa namna hiyo hauhitaji maabara.

Kumbukumbu hizo humsaidia daktari kuchagua dawa. Kifafa si cha namna moja. Wako watu, hasa watoto, ambao hawaanguki wala kutetemeka, bali hupotewa na fahamu kwa sekunde chache, wakikodoa macho darasani. Mwalimu hudhani ni uzembe. Dawa iitwayo kabamazepini, ambayo huwasaidia wagonjwa wengi, inaweza kuizidisha hali hiyo ya watoto. Na si kila anayeanguka ana kifafa: wako wanaozirai, wanaopungukiwa sukari mwilini, na watoto wanaopata degedege kwa sababu ya homa au malaria. Sekunde 30 za video zinaweza kumwepusha mtu na miaka ya kumeza dawa isiyo yake.

Hata hivyo, chombo hiki kina hatari zake, na ni lazima zisemwe waziwazi. La kwanza ni kwamba kuokoa hutangulia kupiga picha. Mgonjwa aondolewe karibu na moto na maji, alazwe ubavu, alegezwe nguo shingoni, wala asitiwe kijiko au kitu chochote kinywani. Wasimamizi wasimkandamize ili kuzuia kutetemeka. Dakika tano zikipita bila kutulia, apelekwe haraka katika kituo cha afya. Kamera ishikwe na mtu wa pili. Kama yuko mmoja tu, basi mikono yake ni ya mgonjwa, na kazi ya simu ni kuhesabu dakika.

La pili ni heshima ya binadamu. Video ya mtu aliyepotewa na fahamu si mchezo wa kurushwa katika makundi ya WhatsApp. Msichana aliyeanguka shuleni, picha yake ikazagaa mitaani Kirumba au Nyegezi, amejeruhiwa mara mbili, na jeraha la pili halina dawa. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa miongoni mwa taarifa nyeti. Video ipigwe kwa ridhaa ya mgonjwa, au ya mzazi kama ni mtoto. Ionyeshwe kwa mganga. Kisha ifutwe au ihifadhiwe kwa siri. Jamii ambayo bado inamwogopa mwenye kifafa haiwezi kupewa kamera bila kupewa elimu.

La tatu ni kwamba programu ya simu haigeuki kuwa daktari. Nyingi zimeandikwa kwa lugha za kigeni, kwa ajili ya watu ambao umeme wao haukatiki na ambao duka la dawa liko mtaa wa pili. Kumbukumbu nzuri isiyofika kwa mganga, au inayofika katika zahanati isiyo na dawa, ni karatasi ya malalamiko tu. Kwa sababu hiyo wataalamu wa kompyuta katika vyuo vya nchi wana kazi ya kutengeneza daftari la kifafa kwa Kiswahili fasaha, linalofanya kazi bila intaneti.

Wala asiye na simu janja asiachwe nyuma. Simu ya kitochi ina saa na kalenda, na daftari la shule huuzwa katika kila duka la kijiji. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Redio haikuchimba choo hata kimoja. Watu ndio waliochimba. Vivyo hivyo simu haitamtibu mgonjwa. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao wa kitaifa ulizinduliwa mwaka 2024, wanaweza kuifundisha kila familia yenye mgonjwa namna ya kuandika mambo yale manne.

Faida ya kazi hiyo inaonekana zaidi kwa wale wanaokaa mbali. Mgonjwa wa Sengerema anayekwenda Hospitali ya Bugando hasubiri tena kivuko tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025. Lakini nauli bado ni nauli. Mgonjwa wa Ukara au Kome hana budi kuvuka maji. Mtu anayetumia fedha za mauzo ya samaki wa juma zima kwa safari moja anastahili kumpa daktari habari kamili katika dakika chache atakazokaa mbele yake. Akirudi mikono mitupu kwa sababu hakukuwa na wa kueleza lililotokea, familia hukata tamaa, na kukata tamaa ndiko kunakozifikisha nyumba nyingi kwa waganga wa ramli.

Mwezi Mei 2022 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha mpango wa utekelezaji kuhusu kifafa na magonjwa mengine ya mfumo wa fahamu, utakaoendelea hadi mwaka 2031. Mipango ya dunia ni mizuri, lakini utekelezaji wake utapimwa mwaloni. Utapimwa pale ambapo viongozi wa wavuvi watakubali kumpa kijana mwenye kifafa kazi ya kuanika dagaa au kutunza hesabu, badala ya kumfukuza au kumwacha aende ziwani peke yake. Utapimwa pale ambapo zahanati ya kisiwani haitaishiwa fenobabitoni. Na utapimwa nyumbani, mtoto anapoanguka usiku, iwapo mkubwa aliye karibu hatakimbia, bali atamgeuza ubavu, ataitazama saa, na kesho yake atakuwa na la kumwambia mganga.