Saa Uliyovuka



Ukikutana na mzee wa Imenti, Tigania au Igembe, kule Meru, muulize ukoo wake ni wa kundi gani. Huenda akakujibu kwa rangi: njiru, ntune au njeru. Weusi, wekundu, weupe. Usidhani anazungumzia ngozi. Anakutajia saa ambayo mababu zake walivuka maji wakitoroka utumwa. Njiru walivuka usiku. Ntune walivuka alfajiri, mbingu zikiwa nyekundu. Njeru walivuka mchana kweupe.

Walikotoka ni Mbwaa, kisiwa ambacho baadhi ya wanahistoria wanakitafuta kule Manda, jirani na Lamu. Mabwana waliitwa Nguo Ntune, watu wa nguo nyekundu, na walipenda kutoa masharti yasiyowezekana. Leteni kiatu chenye manyoya ndani na nje. Wazee wakakata ngozi inayoning'inia shingoni mwa fahali. Leteni mbwa mwenye pembe. Wakachukua pembe za paa mdogo, wakazigandisha kwa nta kwenye kichwa cha mbwa. Toeni tunda hili shimoni. Wakajaza shimo maji, tunda likaelea lenyewe. Mwisho wakatakiwa waunde mkuki wa kufika mbinguni. Hapo kiongozi wao, Koomenjoe, akaona kwamba masharti hayataisha, akawatoa watu usiku.

Wapo wanaosema hadithi hii imekopa kwa Musa. Huenda. Lakini Musa hakuwahi kudaiwa mbwa mwenye pembe.

Watoto wetu, kuanzia Maua hadi Runyenjes, hukariri mambo mengine kuhusu mwisho wa utumwa wakijiandaa kwa mtihani. Mwaka 1807 Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara ya watumwa iliyovuka Atlantiki. Mwaka 1833 likapitisha sheria ya kufuta utumwa wenyewe katika makoloni yake mengi. Mwaka 1873 Sultani Barghash akafunga soko la watumwa la Unguja. Mwaka 1907 utumwa ukaondolewa kisheria katika pwani yetu ya Kenya.

Tarehe ni sahihi. Swali ambalo mtihani hauulizi ni hili: nani alilipwa? Sheria ile ya 1833 ilitenga pauni milioni 20, na pesa hizo zilikwenda kwa waliomiliki watumwa. Ya 1907 nayo ilimpa bwana nafasi ya kudai fidia serikalini. Aliyelima shamba la mtu miaka yote akaambiwa yu huru, aende zake. Na serikali hiyohiyo, mwaka mmoja tu kabla, yaani 1906, ilikuwa imepeleka askari Embu kuwapiga watu na kuswaga mifugo yao.

Ndiyo maana naipenda hadithi ya Mbwaa. Haina bwana aliyefidiwa wala mkombozi aliyepiga sahihi. Kule kwingine jina la mtumwa liliandikwa na mwenye mali. Hapa waliotoroka walijiorodhesha wenyewe, kwa saa.

Lakini, msikilizaji, kumbukumbu yetu nayo ina upande inaoufumbia macho.

Mwaka 1898 na 1899 mvua zilikata. Ukambani na Mbeere nyumba zilibaki bila nafaka, na miteremko ya Mlima Kenya ndiyo iliyokuwa na chakula. Watu wakapanda kuja Embu. Wengine walikuja na kitu kimoja tu cha kubadilisha: binti. Aliwekwa rehani kwa chakula, wazazi wakitumaini kurudi kumkomboa mavuno yakija. Wako waliorudi. Wako waliofia njiani. Binti akabaki, akapewa jina jingine, akaolewa, akazaa. Hakuna aliyemwita mtumwa, kwa hiyo hakuna sheria iliyomfungua.

Wajukuu na vitukuu wake tunao. Pengine wananisikiliza sasa hivi wakisubiri chai ichemke.

Basi usiku wa leo, babu akimaliza kusimulia Mbwaa, mgeukie nyanya. Muulize kama katika boma lenu aliwahi kuingia binti mwaka ule wa njaa, na jina lake la kwanza lilikuwa nani. Huyo hana rangi katika hesabu ya koo zetu. Hakuvuka usiku, wala alfajiri, wala mchana. Yeye alivushwa.