Kanisa la Ribe na Wazee Wake



Tumepewa nafasi tuseme machache juu ya Ribe, kituo cha kwanza cha Kanisa la Methodist katika Kenya. Mwaka 1862 Bwana Thomas Wakefield alifika huku pamoja na Dkt. Krapf, mwaka 1863 akaja Charles New. Kazi ilidai maisha ya watu: Bibi Rebecca Wakefield alifariki Ribe mwaka 1873, na New akafariki mwaka 1875.

Majina hayo yamo vitabuni. Lakini wageni hao walikaribishwa na nani? Nani aliwafundisha lugha, akawachukulia mizigo, akawaonyesha njia na maji? Ni wenyeji. Kanisa lilipopata kujitawala mwaka 1967, lilikwisha kufika Tana na Meru, nao walimu Waafrika walikuwa na sehemu yao katika safari hiyo.

Basi twawasihi: kila nyumba iandike majina ya wazee wake waliobatizwa na waliofundisha, iyalete kwa mwandishi wa chama. Mzee akizikwa na habari zake, wajukuu watamwuliza nani?