Diski ya Kompyuta Hufa Bila Kupiga Hodi

Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa vyama vya akiba, walimu na wafanyabiashara wadogo wa kaunti



Siku hizi si ajabu kumkuta mweka hazina wa chama akiwa na laptopu mahali pa daftari. Ndani yake mna orodha nzima: nani ametoa mchango, nani ana mkopo, na zamu ya mwezi ujao ni ya nani. Diski ya laptopu hiyo ikikataa kusoma, mashine nyingine itapatikana dukani. Orodha haiuzwi dukani. Hapo wanachama huanza kutazamana kwa jicho la shaka, na kikundi kilichojengwa kwa kuaminiana huweza kuvunjika hata kama hakuna aliyeiba shilingi.

Hofu hiyo ina msingi. Diski ya kawaida ya kompyuta ni sahani ngumu inayozunguka kwa kasi, mara nyingi mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu yake huelea kichwa kidogo kinachosoma na kuandika kwa sumaku. Pengo kati ya kichwa na sahani ni jembamba mara maelfu kuliko unywele wa binadamu. Laptopu ikianguka wakati diski inazunguka, kichwa huweza kugusa sahani na kuikwaruza. Stima ikipotea ghafla, faili lililokuwa likiandikwa huweza kubaki nusu.

Hata isipoangushwa, diski hukosea. Kila inaposoma, hupata makosa madogo na kuyarekebisha yenyewe kimyakimya kwa hesabu maalumu. Sehemu ikiharibika kabisa, diski huiacha na kutumia nyingine ya akiba. Kwa diski nyingi za kawaida, watengenezaji hutaja kiwango cha kosa moja lisilorekebishika kwa kila biti 10 kwa kipeo cha 14, yaani takriban terabaiti 12.5 zilizosomwa. Zamani kiasi hicho kilikuwa kikubwa mno. Leo diski ya terabaiti 4 ikisomwa yote mara tatu, hesabu imekaribia hapo.

Jambo linalowapotosha wanunuzi ni muda unaotajwa na watengenezaji. Baadhi ya diski husemwa zina wastani wa saa 1,000,000 kabla ya kuharibika. Mwaka una saa 8,760, kwa hiyo mtu akigawanya atapata miaka 114, adhani diski itarithiwa na wajukuu. Sivyo. Maana yake ni kwamba katika diski nyingi zinazofanya kazi pamoja, chini ya moja kwa kila 100 ingepaswa kuharibika kwa mwaka.

Mwaka 2007, Bianca Schroeder na Garth Gibson wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walichunguza kumbukumbu za diski zipatazo 100,000 zilizokuwa kazini. Waliona kwamba kwa kawaida diski 2 hadi 4 kwa kila 100 zilibadilishwa kila mwaka, na mahali pengine zilifika 13. Tuseme ni 3 kwa 100. Laptopu ikitumiwa miaka mitano kwa kiwango hicho, uwezekano wa diski yake kuharibika ni kama 14 kwa 100. Hakuna chama ambacho kingekubali kuweka fedha zake kwa masharti kama hayo.

Wengine hutegemea onyo. Diski nyingi zina mfumo wa kujipima afya, na fundi wa kompyuta anaweza kuusoma. Mwaka huohuo wa 2007, watafiti wa Google walitoa matokeo ya uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000 za kampuni hiyo. Diski iliyoonyesha kosa lake la kwanza ilipokaguliwa uso mzima ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyoonyesha kosa. Kwa hiyo onyo likija, liaminiwe siku hiyohiyo. Lakini zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja kati ya dalili nne kuu. Diski inayosema ni nzima haijatoa ahadi yoyote.

Kinga basi ni nakala. Ikiwa diski moja ina hatari ya 3 kwa 100 kwa mwaka, diski mbili zisizotegemeana kufa katika mwaka uleule ni kama 9 kwa 10,000. Hesabu hiyo husimama tu ikiwa diski hizo hazikai pamoja. Laptopu na diski ya nje zikiwa katika mkoba mmoja, mwizi mmoja hubeba zote. Zikiwa katika nyumba moja, moto au mafuriko huzimaliza pamoja. Nakala moja ikae na mweka hazina, ya pili kwa katibu, na ya tatu ihifadhiwe mtandaoni kwa nywila au ichapishwe kwenye karatasi. Wenye laptopu mpya zisizo na sahani inayozunguka wasijione wamepona, kwa kuwa hizo nazo huharibika.

Nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu. Kila mwezi, baada ya mkutano, faili lifunguliwe kutoka kwenye nakala, mbele ya mashahidi wawili, na jumla ya fedha ilinganishwe na ya kitabu.

Na diski ikianza kugonga kwa sauti ya tik-tik au kuchelewa mno kufungua faili, mashine izimwe na ipelekwe kwa fundi anayeaminika. Isifunguliwe nyumbani kwa bisibisi, maana chembe moja ya vumbi ni kubwa kuliko pengo la kichwa na sahani.

Mkutano ujao wa chama una ajenda zake. Iongezwe moja: nakala ya pili iko kwa nani, na ilifunguliwa lini mara ya mwisho?